Risasi za Baruti Kidogo na Bega la Mlenga Shabaha

Kuna jaribio moja la zamani ambalo wakufunzi wa shabaha hulitumia katika nchi nyingi, na ambalo bila shaka baadhi ya maafande na askari wanaosoma ukurasa huu wamewahi kulionja. Mkufunzi huchukua magazini ya kuruta, akachanganya risasi tatu nne za kweli na moja ya bandia isiyo na baruti, bila kumwambia mwenye bunduki ile ya bandia ni ya ngapi. Kuruta hulala kifudifudi, akalenga, akapiga. Ya kwanza inalia. Ya pili inalia. Inapofika ile ya bandia, kifyatulio kinavutwa, husikika mgongano mdogo wa chuma tu, na hapo kila aliyesimama nyuma huona aibu iliyokuwa imefichwa na kishindo: mtutu umezama ghafla, bega limesukumwa mbele, macho yamefumba. Hapakuwa na mlio, wala kitako hakikumgonga mtu. Mwili umejikinga na pigo ambalo halikuja.

Huo ndio ugonjwa unaowakosesha watu shabaha kuliko ubovu wa macho na kuliko ubovu wa bunduki. Mwenye kuugua hawezi kujitibu kwa ujasiri, kwa maana hautoki katika moyo wake. Unatoka katika mishipa, kama vile kope linavyofumba mdudu akiruka mbele ya jicho. Askari shujaa aliyepita vitani anaweza kuwa nao. Na kila anapoendelea kupiga risasi nzito kwa bega lililokwisha kuogopa, ndivyo mwili unavyozidi kujifunza kuogopa. Kwa hiyo wazee wa kazi hii waligundua zamani kwamba dawa ni kurudi nyuma: kumpa mtu risasi isiyomwumiza, apige nyingi, asahau pigo, akumbuke kilengeo na kifyatulio peke yake, kisha nguvu irudishwe kidogo kidogo. Katika makala haya tunapenda kueleza risasi hizo zilizopunguzwa nguvu: zilianzaje, hutengenezwaje na watu wanaozijaza wenyewe kwa mikono, zina hatari gani, na kwa nini bunduki ambayo askari wengi wa eneo letu wanaibeba leo ni mtoto wa wazo hilo hilo.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Risasi nzima ina sehemu nne. Kuna ganda la shaba manjano au la chuma. Katika kitako cha ganda hilo imepachikwa fataki, ambayo huwaka inapogongwa. Ndani kuna baruti, na mbele kuna kichwa, yaani kile kipande kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Lugha yetu imetuzidishia kazi kidogo, kwani neno risasi latumika pia kwa madini laini na mazito ambayo vichwa hivyo vilitengenezwa tangu mwanzo. Lakini msomaji mwangalifu hatapotea.

Pigo la kitako linatokana na jambo rahisi. Kichwa cha risasi na gesi ya baruti vinaposukumwa mbele, bunduki husukumwa nyuma, na kadiri vitu hivyo vinavyokuwa vizito na vya kasi, ndivyo bunduki inavyorudi kwa nguvu. Tuchukue bunduki ya kilo 4 inayopiga kichwa cha gramu 10 kwa mwendo wa mita 820 kwa sekunde. Ukipiga hesabu, pigo linalofika begani linakaribia lile la tofali la kilo 2 lililoangushwa kutoka kimo cha sentimita 90. Sasa bunduki ile ile ipewe kichwa kile kile na baruti kidogo, kiende mita 500 kwa sekunde. Tofali hilo sasa linaanguka kutoka sentimita 25 tu. Kasi haikupunguzwa hata kwa nusu, lakini pigo limebaki kama robo, kwa sababu uzito wa baruti nao umepungua, na nguvu ya pigo huongezeka na kupungua kwa mraba wa mwendo. Hapo ndipo ilipo siri yote. Askari wetu waliotumikia King's African Rifles na kupigana Burma mwaka 1944 walibeba Lee-Enfield ya .303, yenye kichwa cha gramu 11 na zaidi, na wangeielewa hesabu hii bila kalamu.

Wazo la kupunguza baruti lilikuwamo tangu siku za baruti nyeusi. Uingereza ilipoipokea bunduki ya Martini-Henry mwaka 1871, risasi yake ilikuwa na kichwa cha gramu 31 na baruti ya gramu 5 na nusu. Bunduki hiyo ilipata sifa mbaya begani. Askari waliopiga risasi nyingi kwa mfululizo walitoka na michubuko. Wapanda farasi, ambao silaha zao zilikuwa fupi na nyepesi, wasingeweza kabisa kuistahimili, na kwa hiyo wakatengenezewa risasi yao: kichwa cha gramu 26 na nusu, baruti gramu 4 na nusu. Wamarekani walifanya hivyo hivyo. Bunduki yao ya Springfield ya 1873 ilichukua baruti ya gramu 4 na nusu, lakini fupi ya wapanda farasi ilipewa gramu 3 na nusu hivi, kichwa kikiwa kile kile. Kwa kuwa ganda lilikuwa moja na baruti ilikuwa pungufu, nafasi iliyobaki ilijazwa visahani vya karatasi ngumu, maana baruti nyeusi haitaki kuachiwa nafasi tupu ndani ya ganda.

Hapo tatizo jingine likazuka, nalo lastahili kukumbukwa na kila mtunza ghala. Risasi mbili zenye sura moja na nguvu mbili tofauti ni mtego. Askari wa miguu akipewa zile pungufu, risasi zake zitaanguka kabla ya adui. Mpanda farasi akipewa zile kamili, bega lake litalipa. Ndiyo maana tangu mwaka 1877 kiwanda cha jeshi la Marekani kilianza kupiga muhuri kwenye kitako cha ganda, herufi R kwa bunduki ndefu na herufi C kwa fupi. Katika vita vikuu vya pili Warusi nao walipotengeneza risasi za baruti kidogo kwa ajili ya bunduki zenye kizima-sauti walizopewa wapiganaji wa msituni, walizipaka rangi ya kijani. Muhuri na rangi si mapambo. Ghala lisilo na alama ni ghala la ajali.

Kisha yakaja mazoezi ya ndani ya kambi. Katika miaka ya 1880 jeshi la Marekani lilianza kushika jambo la shabaha kwa bidii ambayo halikuwa nayo zamani, likatoa vitabu vya mafunzo, na vikosi vikapewa vyombo vya kujazia risasi upya. Wakati wa baridi, theluji ilipofunika viwanja, askari walijaza wenyewe maganda yaliyokwisha kutumika: baruti kidogo mno, na kigololi cha duara cha madini ya risasi badala ya kichwa kirefu kizito. Walipiga shabaha umbali wa hatua chache ndani ya majengo. Kigololi hicho hakikuweza kumpiga adui wa mbali, lakini kilimfundisha mtu kuvuta kifyatulio mara elfu bila woga, na bei yake ilikuwa ndogo. Waingereza walipendelea njia nyingine: walitumbukiza mtutu mwembamba ndani ya mtutu wa Martini, wakapiga visasi vidogo. Mrija huo uliitwa kwa jina la Morris aliyeubuni. Baadaye vyote viwili vilipitwa na risasi ndogo ya .22, iliyozaliwa Marekani mwaka 1887, ambayo mpaka leo haijapata mshindani kwa kufundishia.

Hata hivyo kujaza risasi kwa mkono hakukufa. Huko Marekani ni kazi ya wapenzi wa shabaha na wawindaji, wenye vibali na vyombo vyao nyumbani. Mwaka 1884 mtu mmoja aitwaye John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal katika mji wa New Haven, akauza koleo lililofanya karibu kazi yote: kung'oa fataki iliyoungua, kutia mpya, kubana shingo ya ganda na kukaza kichwa. Leo watu hutumia mitambo ya mezani, lakini hatua ni zile zile. Ganda lililopigwa hukaguliwa kama lina ufa, husafishwa, hurudishwa kwenye kipimo chake kwa kusukumwa ndani ya kalibu ya chuma kigumu. Fataki mpya hutiwa. Baruti hupimwa kwa mizani ndogo inayoonyesha hata sehemu ya mia ya gramu. Kichwa hukaa juu, kwa kina kile kile kila mara.

Kwa risasi za upole, wengi huyeyusha vichwa vyao wenyewe. Madini ya risasi yakichanganywa na bati kidogo na antimoni huwa magumu kiasi cha kustahimili mwendo wa wastani. Kichwa laini kikisukumwa mbio kupita kiasi, gesi ya moto hulamba kitako chake, nacho huacha utandu wa madini ndani ya mifereji ya mtutu, na ulengaji huharibika baada ya risasi chache. Kwa sababu hiyo hiyo kikombe chembamba cha shaba huvishwa kwenye kitako cha kichwa, ili kukinga moto. Baada ya hapo kichwa hupakwa grisi. Mtu anayeipenda kazi hii hutumia jioni nzima kutengeneza risasi 50, na ukimwuliza faida yake atakuonyesha karatasi ya shabaha: matundu matano, mita 100, yote yamefunikwa na sarafu. Tusistaajabu. Bunduki haihitaji mwendo mkubwa ili iwe sahihi. Yahitaji kila risasi ifanane na mwenzake, na kichwa kinachozunguka vizuri katika mifereji, na mtu ambaye haogopi.

Jambo la kwamba risasi dhaifu ni salama kuliko yenye nguvu linaonekana kuwa dhahiri, nalo ndilo limewavunjia watu bunduki nyingi. Tutalieleza kwa kirefu.

Baruti za siku hizi zisizo na moshi, ambazo Paul Vieille wa Ufaransa alizifungulia mlango mwaka 1884, zina nguvu kubwa katika ujazo mdogo. Baruti nyeusi ilijaza ganda mpaka shingoni, na aliyetaka kutia mara mbili asingeweza, kwani ingemwagika. Lakini kipimo kidogo cha baruti ya kuungua haraka hukaa chini ya ganda kubwa la bunduki kama chumvi chini ya chupa. Fundi akiitwa na mkewe kwa chai, akarudi, akasahau kwamba ganda hili amekwisha kulitilia, akatia tena, macho yake hayatamwambia kitu. Hata mara tatu huingia. Risasi ile aliyoikusudia kuwa ya upole kuliko zote ndiyo itakayopasua chumba cha bunduki. Wajuzi hukinga hatari hii kwa desturi isiyovunjwa: maganda yote husimamishwa katika ubao wenye matundu, na kabla ya kichwa kimoja kuwekwa, humulikwa moja moja kwa taa, kimo cha baruti kikilinganishwa. Afadhali zaidi ni kuchagua baruti inayojaza zaidi ya nusu ya ganda, ili kosa la kutia mara mbili lijionyeshe lenyewe.

Hatari ya pili ni kinyume cha hiyo. Baruti ikiwa kidogo mno, kichwa huingia katika mtutu na kukwama. Mlenga shabaha husikia mlio hafifu, kama mtu aliyekohoa, na bega halihisi kitu. Akiwa na haraka, au akiwa katika mstari wa watu kumi wanaopiga pamoja, hudhani amekosa kusikia, akapeleka risasi nyingine. Kichwa cha pili hukikuta cha kwanza njiani. Mtutu huvimba kama nyoka aliyemeza panya, au hupasuka. Kanuni hapa ni moja tu, nayo yahusu kila askari hata yule asiyewahi kusikia habari za kujaza risasi, kwa sababu hata risasi za kiwandani zilizoingia unyevu zaweza kufanya hivyo: mlio ukibadilika, simamisha, toa risasi, chungulia mtutu upande wa chumba uone mwanga.

Ya tatu ni ya ajabu, na wataalamu wamebishana juu yake miaka mingi. Baruti inayoungua polepole, iliyotengenezwa kwa ajili ya maganda makubwa yaliyojaa, ikipunguzwa sana, mara moja moja haitulii kama mtu angetarajia. Badala ya kusukuma, hulipuka kwa shinikizo kubwa lisilolingana na uchache wake. Bunduki zimeharibika hivyo mikononi mwa watu waliodhani wanajihadhari. Baadhi ya wajuzi wasema kichwa huanza kuondoka, kikasimama katika mifereji kabla baruti haijashika moto sawasawa, kisha moto ukaja na kukuta njia imezibwa. Wengine hueleza vingine, na maabara zimepata shida kulirudia tukio hilo kwa makusudi. Lakini viwanda vya baruti havikungoja mabishano yaishe: vitabu vyao huandika kipimo cha juu na pia kipimo cha chini, na kwa baruti hizo kushuka chini ya kipimo kumekatazwa sawasawa na kupanda juu.

Tena baruti chache huhamahama ndani ya ganda. Mtutu ukiinamishwa kabla ya kupiga, baruti hukimbilia mbele mbali na fataki. Ukiinuliwa, hurudi nyuma. Mwendo wa kichwa hubadilika, na matundu kwenye karatasi hupanda na kushuka. Kuna wanaoinua mtutu juu kila mara kabla ya kulenga ili baruti ikae nyuma. Desturi hiyo yafaa mezani kwa mpenzi wa shabaha, lakini kwa askari ni desturi mbaya ya kujifunza.

Na hatuna budi kutaja ujinga mmoja ambao hauhitaji mtambo wala mizani: mtu kufungua risasi za mlio mtupu, zile za mazoezi na mazishi ya heshima, akachukua baruti yake na kuitia katika risasi ya kawaida. Baruti ya risasi za mlio huungua kwa kasi kubwa mno kwa sababu haina kichwa cha kusukuma. Ukiiwekea kichwa, bunduki huwa bomu, na uso wa mwenye kuipiga u sentimita chache tu kutoka hapo.

Huenda kuruta mwerevu akauliza: maganda yametapakaa katika kila uwanja wetu wa shabaha, kwa nini yasijazwe? Jibu la kwanza ni kwamba risasi ya serikali ni mali ya serikali, ganda lake pia huhesabiwa, na mwenye kuifungua amekwisha kuvunja amri kabla hajavunja bunduki. Jibu la pili limo ndani ya ganda lenyewe. Katika miaka ya 1860 palikuwa na mabwana wawili waliobuni fataki mbili: Edward Boxer, Mwingereza wa kiwanda cha kifalme cha Woolwich, na Hiram Berdan, Mmarekani. Fataki ya Boxer imebeba fuawe yake yenyewe, na ganda lake lina tundu moja katikati, ambalo sindano ya chuma hupita na kuing'oa fataki iliyoungua. Ya Berdan imeiacha fuawe katika ganda, nalo lina matundu mawili madogo kandokando, ambayo sindano haiyapati. Kwa mzaha wa historia, Marekani wakaishika fataki ya Mwingereza, na Ulaya pamoja na majeshi mengi ya dunia wakaishika ya Mmarekani. Risasi nyingi za kijeshi zinazofika Afrika ni za Berdan, na maganda yake mara nyingi ni ya chuma. Aliyeyabuni hakuwa na nia kwamba yajazwe tena.

Majeshi yenyewe, pale yalipotaka risasi za upole, yalizitengeneza viwandani, na habari zake zina mafunzo. Marekani mwaka 1926 walipokea risasi mpya ya bunduki zao, yenye kichwa kirefu cha gramu 11 kilichokwenda mbali mno. Ilikuwa risasi nzuri, isipokuwa kwamba viwanja vya shabaha vya wanajeshi wa akiba vilikuwa vimepimwa kwa risasi ya zamani, na ile mpya ikawa inavuka mipaka ya usalama. Katikati ya miaka ya 1930 wakaomba nyepesi zaidi. Ikazaliwa risasi ya gramu 9 na robo tatu hivi iliyopewa jina M2, na hiyo iliyoombwa kwa ajili ya viwanja vya mazoezi ndiyo hatimaye askari wa miguu wa Marekani walikwenda nayo katika vita vikuu vya pili.

Hispania nao, katika miaka ya 1950, walitengeneza bunduki ya CETME yenye risasi ya 7.62 ambayo ganda lake lilikuwa la kipimo cha NATO lakini kichwa kilikuwa chepesi, gramu 7 na kitu, ili askari aweze kuitawala silaha ikipiga mfululizo. Wajerumani walipoichukua bunduki hiyo na kuifanya G3, wanayoijua vizuri askari wa Kenya, walitaka risasi kamili ya NATO. Na mwaka 1964 Wahispania wenyewe wakaifuata. Wajapani hawakufuata. Bunduki yao ya 1964 ilipewa risasi ya NATO iliyopunguzwa baruti kwa karibu sehemu moja ya kumi, kwa kuwa waliona ile kamili inawatikisa askari wao mno, na katika mtutu wakaweka kirekebishi cha gesi ili siku wakipewa risasi kamili na marafiki waweze kuipiga. Suluhisho hilo twaliona kuwa la busara kuliko mengine yote, ijapokuwa lilidai ghala mbili na hadhari ya daima.

Lakini waliolikata shauri hili kabisa ni Wajerumani na Warusi katika miaka ya vita. Walihesabu kwamba askari wa miguu hupigana aghalabu katika mita mia tatu nne, na kwamba risasi ya kale, iliyoweza kuua kilometa mbili mbele, ilikuwa ikiupiga bega wa askari bure. Wajerumani wakalikata ganda la milimita 57 hadi 33, wakapunguza kichwa hadi gramu 8, na mwendo ukawa mita 685 kwa sekunde. Warusi wakatoa yao mwaka 1943: kichwa cha gramu 8 hivi, mita 715 kwa sekunde. Hiyo ndiyo risasi ya AK. Kila askari aliyeibeba bunduki hiyo, Uganda, Kongo, Tanzania au kwingineko, amekuwa akipiga risasi iliyopunguzwa nguvu bila kuambiwa, na ndiyo sababu kuruta mwembamba huweza kuitawala kwa muda mfupi kuliko babu yake alivyoitawala .303.

Tusije tukampa mtu picha kwamba upole una faida tu. Usiku wa tarehe 5 kuamkia tarehe 6 Aprili 1970, karibu na Newhall katika jimbo la California, polisi wanne wa barabara kuu waliuawa na majambazi wawili katika mapigano ya dakika chache. Uchunguzi uliofuata uligusa mambo mengi, na moja lilikuwa hili: askari wa kikosi hicho walikuwa wakizoezwa kwa risasi laini za bastola za .38, za kutobolea karatasi, hali baadhi yao walibeba kazini risasi kali za .357 Magnum, ambazo mlio wake, mmweko wake na pigo lake ni mambo mengine kabisa. Yamesimuliwa pia kwamba mmoja wao alikutwa na maganda matupu mfukoni, akiwa ameyaokota katikati ya mapigano kama alivyozoea uwanjani. Habari hiyo imepingwa na wachunguzi wa baadaye, nasi hatuiegemei. Lile la risasi halikupingwa. Kikosi kikabadili mafunzo, askari wakaanza kuzoezwa kwa risasi wanazobeba.

Kwa hiyo mkufunzi mwenye makuruta wanaofumba macho ana njia zake, wala hahitaji kugusa baruti. Bunduki ya .22 ikipatikana, risasi 200 kwa kila mtu kabla ya silaha ya kazi zitaponya mengi. Isipopatikana, bunduki tupu iliyokaguliwa na watu wawili, sarafu moja ikisimamishwa juu ya mtutu karibu na kilengeo cha mbele, na kuruta avute kifyatulio mpaka aweze mara kumi mfululizo bila sarafu kuanguka. Kisha risasi ya bandia ichanganywe na za kweli, kama tulivyoeleza mwanzo. Anayetumia risasi yoyote nyepesi asisahau kwamba ni risasi: inayokwenda mita 500 kwa sekunde bado huua zaidi ya kilometa moja mbele, na kichwa laini cha mwendo mdogo kikigonga chuma au mti mgumu hupenda kurudi kilikotoka. Asisahau vilengeo pia. Kwa umbali wa mita 200 ile nyepesi hupiga chini ya ile kamili kwa zaidi ya nusu mita. Siku ya mwisho ya mafunzo bunduki ipigwe kwa risasi zile zile zitakazotolewa ghalani siku ya kazi, vilengeo virekebishwe kwa hizo, na kipimo kiandikwe katika daftari la kikosi pamoja na namba ya silaha.